Mwalimu Aliyefundisha Kuogelea Juu ya Madawati

Mwalimu wa Michezo hakukimbia hata siku moja, angalau mimi sikuwahi kumwona. Tulifundisha pamoja miaka tisa katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, yeye filimbi shingoni na mwavuli mkononi, jua liwe kali au mvua inyeshe, na popote alipokwenda alikwenda kwa mwendo ule ule wa mtu anayetoka kanisani ameshiba mahubiri. Watoto walimzunguka mbio, wakampita, wakarudi, naye yuko pale pale. Ukimuuliza mbona mwalimu wa michezo hakimbii, jibu lilikuwa tayari.

"Madam, mimi ni mwalimu. Kukimbia ni kazi ya mwanafunzi."

Jina lake silitaji. Hata shuleni halikutumika sana. Mkuu wa shule mwenyewe alimwita Michezo, na wazazi wakamwita Mwalimu wa Michezo, na mama wa jikoni akamwita Baba Michezo. Ila nianze kwa kusema wazi, msije mkadhani naandika sifa tupu: mtu huyu nusura aniulie mtoto. Hakukusudia, wala hakuwepo siku hiyo, lakini binti yangu Naliaka alikwenda chini ya maji ya ziwa kwa sababu ya somo lake. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa na swali moja tu kichwani, nalo ni kama ningeweza kumwachia tena mtoto yule mikononi mwake. Nitafika huko. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana angekuwa mtu wa hovyo hovyo nisingeumia kiasi kile.

Alipenda samaki kupita kiasi. Siku ambayo mama wa jikoni amewapikia walimu ngege, Mwalimu wa Michezo hakuzungumza na mtu. Alikunja mikono ya shati, akaanza na kichwa, akamalizia na mkia, na mifupa akaipanga kando ya sahani kama mtu anayetaka kumuunda samaki upya. Siku moja mkuu wa shule alimletea habari ya dharura katikati ya mlo. Akainua kidole kimoja juu, mkuu akasubiri. Dharura yenyewe ilikuwa kwamba mbuzi wa jirani ameingia bustani ya Gredi ya Tano na anakula mradi wa sukumawiki wa watoto. Samaki alipoisha, na sukumawiki ilikuwa imeisha.

Siku ya Michezo ndiyo ilikuwa sikukuu yake. Mistari ya uwanja aliichora kwa majivu ya jikoni tangu alfajiri, na mashindano mengine aliyatunga mwenyewe. Kulikuwa na mbio za sare: mtoto anakimbia hadi katikati, anavaa shati, anafunga vifungo vyote, kisha anamaliza mbio. Kifungo kimoja kikikosea tundu, unarudi. Alisema amechoka kuona watoto wa Gredi ya Pili wamevaa mashati yaliyopinda, na kweli baada ya mwaka mmoja tatizo hilo lilipungua sana darasani kwangu.

Kulikuwa pia na mbio za ndoo. Unabeba maji kichwani kutoka bombani hadi jukwaani, na anayefika na maji mengi zaidi ndiye mshindi. Hapo watoto wa mitaa yenye mabomba ndani ya nyumba waliaibika kila mwaka. Wasichana wa Nyalenda, ambao asubuhi kabla ya shule wamekwisha panga foleni kwa maji mara mbili, walipita wakitembea kwa maringo, shingo imenyooka, hata tone halianguki, wengine wanapiga gumzo.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa la mtoto wa mwisho. Kwake yeye, aliyemaliza wa mwisho ndiye aliyetangaza matokeo. Alipewa kipaza sauti akaeleza mbio zilivyokwenda, nani alianguka, nani alimsukuma mwenzake, kwa sababu yeye alikuwa nyuma na aliona yote. Watoto waliopenda kulia wakaanza kumaliza mbio wakitabasamu. Shida ilikuja mwaka ule watoto walipogundua kwamba kutangaza kuna raha kuliko kushinda. Katika mbio za mita mia mbili za Gredi ya Nne, wakimbiaji sita walisimama hatua mbili kabla ya mstari wa mwisho, kila mmoja akimngoja mwenzake avuke. Wazazi wakapiga kelele, filimbi ikapigwa, hakuna aliyesogea. Mwalimu wa Michezo akaenda pale kwa mwendo wake wa kanisani, akawatazama, akafungua mwavuli, akakaa kwenye nyasi kungoja nao. Tulichelewa kula.

Na wazazi hawakuachwa nyuma. Palikuwa na mbio za akina baba. Kuna mzee mmoja wa kutoka Nyeri, mwenye duka la misumari na mabati mjini, aliyesimama kwenye mstari na viatu vya ngozi na funguo za duka mkononi. "Mimi siwezi shindwa na watu wa kula samaki," akasema, na uwanja mzima ukamzomea kwa furaha. Kiatu kimoja kilimtoka njiani, hakurudi kukichukua, akashinda. Zawadi ilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Akakiinua juu kama kombe.

"Haya," mkewe akapaza sauti kutoka kwenye viti, "sasa utafua."

Mtu huyu aliyechunga haki ya wa mwisho hivyo alikuwa mdanganyifu mkubwa katika kuvuta kamba. Alikuwa mwamuzi, ndiyo, ila upande dhaifu ukianza kuburutwa, utaona mguu wake umekanyaga kamba kwa bahati mbaya. Nilimkemea mara nyingi. Alinijibu kwamba mchezo ukiisha haraka watoto hawafaidi. Alikuwa pia na msimamo kuhusu kelele: aliamini darasa lililonyamaza ni darasa linaloogopa, na alipofundisha hesabu za kuruka, watoto wakihesabu saba, kumi na nne, ishirini na moja kwa miguu, mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta nilifundisha kwa kupiga mayowe. Ila kelele ya walimu hakuivumilia. Ukigombeza mtoto kwa sauti mbele yake, alikohoa mpaka ukaacha.

Sasa habari ya kuogelea.

Mtaala unasema watoto wafundishwe kuogelea. Shule yetu haina bwawa, na haina hata dalili ya kupata bwawa. Ziwa lipo, tunaliona tukipanda juu ya tangi la maji, lakini mkuu wa shule hakutaka kusikia habari ya kuwapeleka watoto huko, na sikumlaumu. Walimu wengine waliliruka somo hilo wakaendelea na mengine. Mwalimu wa Michezo hakuweza. Habari za mtoto aliyezama zilitufikia mara kwa mara, leo kutoka ufuo huu, kesho ule, na kila mara alikaa siku nzima bila utani. "Watoto wa ziwa, Madam," aliniambia. "Wanajua samaki kumi kwa majina na hawajui kuelea. Hiyo ni aibu ya nani kama si yetu?"

Basi akaunganisha madawati mawili mawili, akawalaza watoto juu yake kifudifudi, mikono mbele na miguu nyuma hewani, na akaanza. "Vuta! Piga! Pumua!" Mikono ikakata hewa, miguu ikapiga, vichwa vikageuka upande wa dirisha kuvuta pumzi, vikarudi. Alisomea mitindo kwenye simu mpaka akaijua vizuri. Darasa zima lilikwenda kwa pamoja, na ukipita nje ulisikia madawati yakilia.

Siku moja afisa wa elimu alitutembelea bila taarifa. Akafungua mlango wa Gredi ya Nne, akakuta watoto arobaini wamelala juu ya madawati wanapigapiga miguu.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Kuogelea, afisa. Tafadhali sogea kidogo upande huu. Hapo uliposimama ni kina kirefu."

Afisa akatazama chini, na naapa mbele yenu, akasogea.

Tulicheka wiki nzima. Siku ya wazazi iliyofuata kuogelea kukawa onyesho rasmi, madawati yakatolewa uwanjani, na Naliaka wangu, miaka tisa, akachaguliwa kuongoza safu ya mbele. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilijua jambo moja ambalo wazazi hawakulijua. Mwalimu wa Michezo mwenyewe aliogopa maji. Tulipokwenda ziara ya darasa ufuoni, alisimama mbali na maji, akaniomba mimi nihesabu watoto walio karibu na ukingo. Nililiona hilo nikalichukulia kama kichekesho kingine cha mtu wetu. Hilo ni kosa langu, na nalikubali.

Jumamosi moja Naliaka na rafiki zake wawili walikwenda ziwani, pale wanawake wanapofulia. Mimi nilijua wako kwa jirani wanasuka nywele. Mchana nikaona mama nisiyemjua anaingia kwangu, nguo imemlowa hadi kifuani, na mtoto wangu amefungwa ndani ya leso yake, midomo inatetemeka. Yule mama alikuwa akifua zulia.

"Madam, hii mtoto yako inajua kuogelea, sikudanganyi," akaniambia. "Mikono poa, miguu poa, mpaka anageuza kichwa kupumua. Lakini anaenda tu chini. Nikashangaa, nikaambia wenzangu, nyathini dhi kanye? Huyu mtoto anaogelea kwenda wapi? Ndio nikamvuta na rinda."

Nilicheka kwanza, sijui kwa nini. Halafu nikakaa pale mlangoni, nikamshika mtoto nisimwachie. Yule mama akakaa nami hadi nilipoweza kusema asante. Nilimwambia ero kamano, hata matamshi yangu ya mtu wa Bungoma hayakumchekesha.

Jioni jua likiwa bado lipo, Mwalimu wa Michezo akafika. Habari zilikuwa zimemfikia. Hakuingia, alisimama mlangoni akamwomba Naliaka amweleze ilivyokuwa.

"Nilivuta, Mwalimu. Nikapiga, nikapumua," Naliaka akasema. "Lakini chini ya tumbo hakukuwa na kitu."

 Nilimwona Mwalimu akiwaza, na niliona jambo lilipomfikia.

"Dawati," akasema. "Miaka yote hii, dawati ndilo lilikuwa linaelea."

Ningekuwa na moyo wa kucheka, ningecheka. Nilimwambia aondoke mlangoni kwangu. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika, na mtoto akayasikia. Yeye akasema, "Uko sawa, Mama Naliaka. Nisamehe," akaenda zake.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, aliomba nafasi ya kusema. Shule nzima ilikuwa imejipanga. "Nimewafundisha vibaya," akawaambia watoto. "Hakuna hata mmoja wenu anayejua kuogelea. Hata mimi sijui. Kama kuna aliyetaka kuingia ziwani kwa kunitegemea, asiingie." Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijasikia mwalimu mwingine akisema vile mbele ya gwaride. Nilimheshimu kwa hilo papo hapo, na bado sikumsalimia. Hasira ina ukaidi wake.

Tuliketi meza moja katika chumba cha walimu, kwa hiyo kununa kwangu kulitaka bidii. Asubuhi alisogeza chupa ya chai upande wangu. Nilimimina, nikairudisha, sikusema neno. Muhula ukaisha hivyo, ukaja mwingine. Nyumbani Naliaka akawa mtoto wa kukwepa maji. Darasa lake likienda ziara upande wa ziwa, tumbo lilimuuma siku hiyo. Hata kuoga alitaka beseni liwe na maji kidogo. Kuishi Kisumu huku unaogopa ziwa ni kama kuishi jikoni ukiogopa moto, na mimi sikuwa na la kumsaidia, maana mwenyewe siogelei. Kwetu mto tulivuka kwa daraja.

Wakati huo huo Mwalimu wa Michezo akaanza tabia mpya. Kila Ijumaa kengele ya mwisho ikilia alibeba begi dogo akaenda kwao Asembo Bay, na Jumatatu akarudi anakohoa, pamba masikioni. Chumba cha walimu kilikuwa na maelezo yote: amepata mke wa pili, amejiunga na dhehebu la kubatiza watu kila wiki, anafuga kitu kinachomng'ata. Aliulizwa, akacheka tu. Mimi sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa simsemeshi, lakini masikio yangu yalikuwa wazi.

Ukweli ulitoka siku ya kumuaga alipostaafu. Watoto walimwimbia, wazazi walileta kuku, na mzee wa misumari alikuja na toroli jipya. Kisha mama mmoja mnene kutoka Asembo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaomba kipaza sauti ingawa hakuwa kwenye ratiba.

"Mimi ndio mwalimu ya huyu mwalimu," akasema. "Amekuja kwangu akasema, nyaminwa, dada yangu, nifunze kuogelea, niko na deni ya watoto. Mtu mzima na kitambi! Wiki ya kwanza analia kama mtoto, maji iko kwa magoti. Huyu mtu amekunywa ziwa mpaka sisi tukaogopa omena zitabaki kwa nchi kavu. Lakini hakuwacha. Sasa anaogelea. Mimi nimesema."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Yeye alikaa ameinamisha kichwa anacheka, halafu akainua macho akanitazama. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilikwisha anza kuchoka na hasira yangu mwenyewe, lakini nilikuwa nimeibeba muda mrefu na sikujua pa kuitua.

Mwaka mzima ulipita. Likizo iliyopita akanipigia simu.

"Mama Naliaka, mimi siombi msamaha tena, nilishaomba. Naomba mtoto. Hapa Asembo nafunza watoto sasa, wa kijiji. Wanaelea wote. Kila mmoja akitoka hapa anaenda kwa daktari anapewa dawa ya kichocho, usiogope hiyo. Mlete."

Nikamwambia nitafikiria. Nikaenda kumwambia Naliaka, nikitumaini atakataa aniondolee kazi. Ana miaka kumi na miwili sasa, mrefu kunizidi mabega. Akauliza, "Yeye mwenyewe atakuwa ndani?" Nikasema ndiyo. Akasema basi twende.

Tulifika asubuhi. Amekonda, kitambi kimeisha, na alikuwa ndani ya maji hadi kifuani akitungoja, kaptura na fulana kuukuu, mikono imefunguka. Muuza omena alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anakula mahindi na kutoa amri. Hapo palikuwa mahali pa maji ya kina kifupi, wavuvi wamekwisha hakikisha hakuna kiboko karibu. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: mzazi naye aingie, walau hadi magotini, mtoto amwone. Nikakusanya rinda langu, nikaingia, nikasimama, matope yananipita katikati ya vidole.

Naliaka alikwenda kwake hatua kwa hatua. Sikusikia aliyomwambia. Niliona amemlaza chali, kiganja chini ya mgongo, na mtoto ameng'ang'ania shingo yake, kisha bega, kisha kidole kimoja tu. Uso wa mtoto umeangalia juu, macho amefumba.  Nilikumbuka leso, na midomo ile, na yote niliyomwambia mtu huyu mlangoni kwangu, na nikagundua kwamba nimemrudishia mtoto kabla sijajua kama nimemsamehe.

"Usimwachie, Mwalimu!" nikapaza sauti. "Nakuomba, usimwachie!"

Akageuka kunitazama. Alikuwa anajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, na hayakuwa maji ya ziwa peke yake.

"Nilimwachia kitambo, Mama Naliaka," akasema.

Binti yangu alikuwa peke yake juu ya maji, mikono ameitandaza, tumbo linapanda na kushuka. Nilitaka kumfikia. Nilikuwa nimekwisha anza kwenda bila kujua, rinda limeniponyoka linaelea, maji yananifika kiunoni, na mimi bado nasonga, nalia na kucheka na kupiga maji kwa mikono.

Naliaka akafumbua jicho moja.

"Mama, simama hapo hapo," akasema. "Unatuletea mawimbi."

Nikasimama.